Viini 40, uzi mmoja: kwa nini seva ya Minecraft inakwama kwenye mashine kubwa

Swali: "Naendesha seva ya Minecraft Java hapa Mwanza kwa ajili ya wanafunzi na vijana wa mtaani kwetu. Mwaka mzima tulitumia kompyuta ya kawaida yenye prosesa ya Core i3-12100, viini 4, RAM GB 32. Wachezaji wakifika 45, TPS (tiki za mchezo kwa sekunde, kamili ni 20) ilikuwa inashuka hadi 18. Tukachangishana, tukanunua seva iliyotumika yenye prosesa mbili za Xeon E5-2698 v4, viini 40 kwa jumla, RAM GB 128, na Java nikaipa GB 64. Sasa kwa wachezaji walewale 45, TPS ni 12, na mpangilio sijabadilisha. Ajabu ni kwamba mashine inaonyesha prosesa inatumika asilimia 3 tu. Nimeweka plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kufuta vitu vilivyoanguka kila dakika tano, haijasaidia. Je, tumeuziwa mashine mbovu? Au kuna namna ya kuilazimisha Minecraft itumie viini vyote? Vijana wameanza kuniuliza hela zao zimekwenda wapi. Naambatanisha ripoti ya spark (zana inayoonyesha muda wa seva unatumika wapi) ya saa mbili usiku."

Nianze na lile linalokukosesha usingizi. Kwa yote uliyoyaeleza na kwa ripoti uliyoituma, sioni dalili yoyote kwamba mmeuziwa mashine mbovu. Inafanya kazi vilevile ilivyoundwa kuifanya. Tatizo ni kwamba kazi mliyoipa inamtaka mtu mmoja mwenye mbio, nanyi mmemletea kikosi cha watu arobaini wanaotembea. Hilo ni kosa ambalo watu wengi wenye ujuzi wamelifanya, mimi nikiwemo, kwa sababu tangazo la kuuzia seva huanza na idadi ya viini na kumalizia hapo. Hela za vijana hazijapotea, na mwishoni nitakuonyesha mahali ambapo viini hivyo 40 vitaanza kuwalipa.

Tuanze na ile asilimia 3, kwa kuwa ndiyo iliyokupoteza njia. Namba hiyo ni wastani wa mashine nzima. Una viini 40, na kila kiini hujionyesha kwa mfumo kama viwili, kwa hiyo Linux inahesabu nafasi 80 za kazi. Nafasi moja ikijaa kabisa, ikafanya kazi bila kupumua, mchango wake kwenye wastani ni sehemu 1 ya 80, yaani asilimia 1.25. Ongeza nyuzi chache (uzi ni mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, unaotumia kiini kimoja kwa wakati) za mtandao na za kusafisha kumbukumbu, unafika 3. Fungua top, amri ya Linux inayoonyesha kazi za mashine, wakati wachezaji wamejaa, kisha bonyeza H kubwa ili uone uzi mmoja mmoja badala ya programu nzima. Utaona mstari wenye jina Server thread umesimama kwenye 99 au 100, na chini yake nyuzi nyingine kadhaa zikizunguka kwenye 0, 2, labda 5. Mstari ule wa juu ndio seva yako. Kwake yeye mashine imejaa pomoni, hata kama viini vingine 39 vimelala.

Sasa tuone kwa nini kazi yote imemwangukia uzi mmoja. Dunia ya Minecraft husogea kwa tiki, na kila sekunde ina tiki 20, maana yake kila tiki imepewa milisekunde 50. Ndani ya muda huo seva lazima isogeze kila kiumbe, ikuze mazao, iendeshe mitambo ya Redstone (umeme wa ndani ya mchezo), isukume vitu kwenye hopa (tofali linalosafirisha vitu), ipokee vitendo vya wachezaji wote na kuzipa nafasi plagini zote. Ikimaliza kwa milisekunde 30, inapumzika 20 zilizobaki. Ikimaliza kwa 83, hakuna pa kupumzikia, na tiki inayofuata inaanza ikiwa imechelewa. Gawanya 1,000 kwa 83 upate 12, ambayo ndiyo TPS unayoiona. Kwenye i3 mlikuwa na TPS 18, yaani takriban milisekunde 56 kwa tiki. Kwa hiyo hata kule mlikuwa mmeshavuka bajeti kidogo kabla ya kuhama, na mashine mpya imeongeza muda wa kila tiki kwa karibu nusu.

Nadhani umewahi kukaa kwenye kikoba. Siku ya kukutana kuna mweka hazina mmoja na daftari moja. Mwanachama analeta hisa, mwingine anarejesha mkopo, wa tatu anaomba mkopo mpya, na kila linaloandikwa linategemea lililotangulia, kwa sababu huwezi kukopesha fedha ambazo hujazipokea. Ukimwekea mweka hazina wasaidizi 39, watasaidia: mmoja atahesabu sarafu, mwingine atapanga foleni, wengine watakimbiza risiti kwa wanachama. Lakini kalamu ni moja na daftari ni moja. Kikao kitakwenda kwa mwendo wa mkono wa mweka hazina. Minecraft imejengwa hivyohivyo. Kusoma na kuandika diski, mawasiliano ya mtandao, sehemu kubwa ya kutengeneza ardhi mpya na kusafisha kumbukumbu ya Java hufanywa na nyuzi za pembeni, na hao ndio wasaidizi. Dunia yenyewe iko mikononi mwa uzi mkuu.

Utauliza kwa nini wasiipasue kazi hiyo katikati. Chukua almasi moja iliyoanguka chini, na wachezaji wawili wanaipita kwa wakati mmoja. Uzi wa kwanza unasoma: almasi ipo. Kabla haujaiondoa, uzi wa pili nao unasoma: almasi ipo. Wote wawili wanaweka almasi mikobani mwao, na sasa kuna almasi mbili ambapo palikuwa na moja. Dawa inayojulikana ni kufuli: anayetaka kugusa kitu anakifunga kwanza, na wengine wanasubiri. Ila katika dunia ambamo kila kitu kinaweza kugusa jirani yake, kufuli zinakuwa nyingi kiasi kwamba nyuzi zinasubiriana kuliko zinavyofanya kazi, na mbaya zaidi, uzi mmoja unaweza kushika kasha la kushoto ukisubiri la kulia, huku mwenzake ameshika la kulia akisubiri la kushoto, na seva nzima ikaganda milele. Juu ya hayo, mitambo ya Redstone inategemea mpangilio wa nani katangulia. Badilisha mpangilio huo, na mashamba ya vijana wako yataacha kufanya kazi bila mtu kuelewa sababu.

Mwaka 1967 Gene Amdahl alilieleza jambo hili kwa hesabu fupi ambayo haijawahi kupitwa na wakati. Ikiwa asilimia 80 ya kazi lazima ifanywe kwa kufuatana, basi hata ukiwa na viini visivyo na idadi, asilimia 20 tu ndiyo itakayopungua kuelekea sifuri, na kazi nzima haitazidi kasi ya mara 1.25. Kabla ya miaka ya kati ya 2000 watu hawakuihangaikia sana hesabu hiyo, kwa kuwa kila prosesa mpya ilikuja na kasi zaidi ya saa. Mwishoni mwa 2004 Pentium 4 ilifika GHz 3.8 na joto likawa kizuizi. Mwaka uliofuata Intel na AMD walianza kuuza prosesa za viini viwili kwa kompyuta za kawaida, na tangu hapo ahadi ya mbio imegeuka ahadi ya wingi. Minecraft iliandikwa kuanzia 2009 kwa mtindo wa zamani, mzunguko mmoja unaopitia dunia yote, na sidhani ni haki kumlaumu aliyeiandika, kwa sababu ni mtindo rahisi kuuelewa na ulio salama kwa data.

Michezo mingine hutumia viini vingi kwa njia ambayo inafaa uijue, kwa sababu inafungua macho. Seva za Valorant zinapiga tiki 128 kwa sekunde, yaani milisekunde 7.8 kwa kila tiki. Wahandisi wa Riot, kampuni iliyoutengeneza, walipoeleza kazi yao mwaka 2020, lengo lao lilikuwa kushusha muda wa tiki moja hadi milisekunde 2.34 ili kila kiini kiweze kubeba mechi tatu, na mashine ya viini 36 ibebe zaidi ya mechi 100. Tazama walichofanya: hawakuipasua mechi moja katika viini vingi. Waliifanya mechi moja iwe nyepesi, kisha wakapanga mechi nyingi. Upande wa pili yuko EVE Online, ambayo dunia yake ni moja kwa wachezaji wote. Wao wamegawa anga katika mifumo ya nyota, na mfumo mmoja ukijaa watu wa vita, tangu 2012 wanapunguza mwendo wa saa ya mchezo mahali hapo, hadi asilimia 10 ya kawaida, ili kila tukio lishughulikiwe kwa zamu. Dunia isiyogawanyika haina njia nyingine. TPS yako ya 12 ni jambo hilohilo, ila kwako linatokea bila mpango: muda wa dunia yako unakwenda kwa asilimia 60 ya mwendo wake.

Kuhusu kwa nini Xeon imeshindwa na i3, jibu liko kwenye kiini kimoja kimoja. E5-2698 v4 ni prosesa ya mwaka 2016, mwendo wake wa msingi ni GHz 2.2, na inaweza kupanda hadi 3.6 viini vichache vikiwa na kazi. Core i3-12100 ni ya 2022 na inafika 4.3. Pengo halisi ni kubwa kuliko namba hizo zinavyoonyesha, kwa sababu kiini cha 2022 kinakamilisha kazi nyingi zaidi katika kila pigo la saa. Kisha una prosesa mbili katika bodi moja, na kila moja ina RAM yake iliyo karibu nayo. Uzi mkuu ukiwa upande huu na data yake iko upande wa pili, kila safari ya kuifuata ni ndefu zaidi, na dunia ya Minecraft ni data iliyotawanyika, inayofuatwa kidogo kidogo maelfu ya mara katika tiki moja. Ndiyo maana prosesa zenye kumbukumbu kubwa ya haraka ndani yake, kama Ryzen 7 5800X3D ya 2022 yenye MB 96, hupendwa na waendesha seva wa mchezo huu kuliko mashine za viini 64.

Niseme wazi kuhusu zile dawa ulizojaribu na nyingine ambazo utashauriwa. GB 64 kwa Java hazikusaidii, na kwa upande mmoja zinakuumiza: kumbukumbu ya Java ikivuka takriban GB 32, kila rejeo la kitu kwenda kingine hukua kutoka baiti 4 hadi 8, hivyo data ileile inachukua nafasi kubwa zaidi na kujaza haraka ile kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa. Kwa wachezaji 45 ningeipa GB 10 hadi 12, Xms na Xmx (kiwango cha kuanzia na cha juu cha kumbukumbu ya Java) zikiwa sawa, na ukusanyaji wa takataka wa G1, mojawapo ya njia za Java za kusafisha kumbukumbu. Plagini ya kufuta vitu kila dakika tano ningeiondoa. Ripoti yako inaonyesha vitu vilivyoanguka vinachukua chini ya asilimia 2 ya tiki, na kinachobaki ni kuwaudhi vijana wanaopoteza mali zao wakifa. Plagini zinazoahidi kuigeuza seva ya kawaida itumie viini vyote, usiziamini. Kazi hiyo haifanyiki kwa kuongeza faili moja, kwa sababu zile hatari za almasi mbili nilizozieleza zinabaki palepale. Na usichanganye kukwama kwa tiki na umbali wa mtandao. Mchezaji mwenye intaneti mbovu anaganda peke yake. Tiki zikichelewa, wanaganda wote kwa pamoja, ng'ombe nao.

Sasa niiingie ripoti yako, maana ndani yake kuna habari njema. Kati ya milisekunde 83, viumbe vinachukua asilimia 46, yaani kama 38, na nusu ya hizo ni wanakijiji. Una wanakijiji 412, na sehemu kubwa wako kwenye soko moja lililojengwa karibu na mahali pa kuanzia. Mwanakijiji ni kiumbe ghali: anatafuta kitanda, anatafuta meza ya kazi, anapanga njia ya kufika hata kama amefungiwa kwenye chumba cha tofali mbili. Hopa zinachukua asilimia 17. Lakini mstari ulionishtua ni huu: plagini ya duka na uchumi inachukua asilimia 14, karibu milisekunde 12 katika kila tiki, na nilipofungua matawi yake hadi chini, mwisho wa tawi ni amri ya kusoma hifadhidata. Haihesabu chochote. Inauliza salio la mchezaji, kisha uzi mkuu unasimama na kungoja jibu. Ni sawa na mweka hazina kuweka kalamu chini katikati ya kikao, akavuka barabara kwenda kuuliza benki salio la mtu mmoja, wanachama wote wamekaa wanamsubiri. Hakuna prosesa inayotibu hilo, kwa sababu katika muda huo prosesa haifanyi kazi yoyote.

Kwa hiyo tuanze kuizungumzia plagini hiyo. Angalia kama ina mpangilio wa kusoma salio mara moja mchezaji anapoingia na kulishikilia kwenye kumbukumbu. Kama haina, hamia nyingine, hata kama itakugharimu jioni nzima ya kuhamisha masalio. Kwa wanakijiji, kaa na vijana mkubaliane kiwango, tuseme kila mmoja asizidi watatu au wanne, na kama unatumia Paper (toleo la programu ya seva lililoboreshwa mwendo), kwenye faili la spigot.yml weka tick-inactive-villagers iwe false, ili wanakijiji walio mbali na watu wapumzike. Ujue ina gharama: mashamba yanayotegemea wanakijiji wasio na mtu karibu yatapungua uzalishaji, na inafaa uwatangazie mapema. Hopa zinazosubiri tu, bila kazi ya kuokota vitu kutoka chini, ziwekewe kasha juu yake, kwa sababu hopa yenye kasha juu haihangaiki kutafuta vitu vilivyoanguka.

Kisha kuna namba mbili kwenye server.properties ambazo watu huzichanganya. View-distance ni umbali ambao mchezaji anaona, na simulation-distance, iliyokuja na toleo la 1.18 mwaka 2021, ni umbali ambao dunia inaendeshwa. Zote mbili kwako ni 10. Chanki moja ni mraba wa tofali 16 kwa 16, na umbali wa 10 una maana ya mraba wa chanki 21 kwa 21, yaani 441 kwa kila mchezaji. Wachezaji 45 wakiwa wametawanyika bila kuingiliana, uzi mkuu unawajibika kwa chanki 19,845. Shusha simulation-distance hadi 6, mraba unakuwa 13 kwa 13, chanki 169 kwa mtu, na jumla inashuka hadi 7,605. View-distance iache kwenye 8 au 9. Macho ya mchezaji hayatahisi tofauti kubwa, na uzi mkuu utahisi mara moja. Kama kuna jambo moja tu utakalofanya usiku wa leo, fanya hili.

Baada ya kupunguza kazi ndipo tuzungumzie mashine. Ushauri wangu wa kwanza utakushangaza: rudisha dunia kuu kwenye i3. Kwa makadirio yangu, marekebisho ya hapo juu yataishusha tiki ya Xeon kutoka 83 hadi karibu na 50, na kazi hiyohiyo kwenye i3 itakuwa karibu na 33, ambayo inakupa nafasi ya kupumua hata siku ya Jumamosi. Ni makadirio. Yapime kwa spark kabla ya kuwaahidi vijana chochote.

Xeon nayo ina kazi zake halali. Ya kwanza ni kutengeneza ardhi mapema. Wachezaji wanapokimbilia sehemu ambazo hazijawahi kufikiwa, seva hulazimika kuumba chanki mpya wakati wa mchezo. Weka mpaka wa dunia, tuseme tofali 5,000 kila upande kutoka katikati, ambao ni mraba wa chanki 625 kwa 625, yaani chanki 390,625, kisha uiache Xeon izitengeneze zote kwa plagini ya Chunky huku seva haina mtu. Hii ni kazi inayogawanyika vizuri, chanki nyingi zinaweza kupikwa pamoja, na hapo ndipo utaona viini vikiamka kwa wingi. Ukimaliza, nakili faili za dunia kwenda i3. Kazi nyingine zinazoifaa ni hifadhidata, ramani ya kwenye wavuti, na kubana nakala za akiba za kila usiku.

Njia ya pili ya kuitumia ni kufungua daftari zaidi ya moja. Weka proksi ya Velocity (programu inayopokea wachezaji na kuwapeleka kwenye seva husika) mbele, na nyuma yake seva kadhaa zinazojitegemea: dunia kuu kwenye i3, na kwenye Xeon uwanja wa kukutania, dunia ya kuchimba madini inayofutwa kila mwezi, na michezo midogo. Kila moja ina uzi wake mkuu na kiini chake. Hii ndiyo njia ya Valorant kwa kiwango cha mtaani kwenu, na naipenda kwa sababu hitilafu ya seva moja haiangushi nyingine. Hasara yake ni kwamba mikoba ya wachezaji haihami yenyewe kutoka seva moja hadi nyingine, na kuunganisha mikoba kwa plagini kunahitaji uangalifu mkubwa, la sivyo utazalisha almasi mbili kwa mlango mwingine. Seva za nyuma zifungwe kwa ukuta wa moto zisifikiwe na mtu yeyote isipokuwa proksi, na utumie njia ya kisasa ya utambulisho yenye neno la siri. Seva ya nyuma iliyoachwa wazi ni mwaliko kwa mtu kuingia akijifanya ni wewe. Kwa kila seva utakayoiweka kwenye Xeon, iwashe kwa numactl ukiifunga kwenye prosesa moja pamoja na RAM yake, kwa --cpunodebind=0 --membind=0 kwa baadhi na namba 1 kwa zilizobaki. Hakikisha pia mfumo wa umeme wa prosesa uko kwenye performance, kwa sababu mashine nyingi zilizotumika huja zikiwa zimewekwa kubana umeme.

Njia ya tatu ni Folia, tawi ambalo kundi la PaperMC lilitangaza mwaka 2023. Hili limeondoa kabisa uzi mkuu. Dunia inagawanywa katika maeneo kulingana na mahali wachezaji walipo, na kila eneo lina tiki yake kwenye kiini chake. Fikiria wanachama wa kikoba wamekaa chini ya miembe iliyo mbalimbali, kila mwembe na daftari lake, na makundi mawili yakisogeleana, madaftari yao yanaunganishwa kuwa moja. Ni kazi ya kifundi ninayoiheshimu sana. Hata hivyo, kwako sidhani wakati wake umefika. Wenyewe wanashauri viini 16 na zaidi, ambavyo unavyo, lakini wanaelekeza kwa seva zenye wachezaji wengi ambao kwa asili yake wanatawanyika. Wachezaji wako 45 wamekusanyika sokoni, na wakikusanyika wanakuwa eneo moja, na eneo moja ni uzi mmoja, tena kwenye kiini cha 2016. Juu ya hilo, plagini isiyoandikwa mahususi kwa ajili yake haitawashwa kabisa, na katika orodha yako ya plagini 31 sina imani kwamba hata nusu zitapita.

Huenda mtu akakuambia ukodi seva Ujerumani yenye kiini chenye mbio. Si ushauri mbaya kwa kila mtu, ila kutoka Mwanza hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyaya za mkongo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 60, na kwa kuwa nyaya zinazunguka kwa pwani na Bahari ya Shamu, muda halisi ni mrefu zaidi ya huo. Kwa kujenga nyumba unavumilika, kwa mapigano wachezaji watalalamika. Ukikodi VPS (sehemu ya mashine inayotumiwa na wateja wengi) popote, tazama namba ya st kwenye top: ikipanda, kuna jirani anayetumia kiini ulichodhani ni chako.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, na ukiyaona mtafute fundi wa seva afike mlipo. Prosesa zenu mbili zimepangiwa wati 135 kila moja, dhidi ya 60 za i3, na mashine za namna hii zilitengenezwa kwa vyumba vyenye ubaridi. Zikiwa kwenye chumba cha kawaida chenye vumbi, zitajipunguzia mwendo ili zisiungue, na utakuwa unapambana na mipangilio wakati tatizo ni joto. Pima joto kwa amri ya sensors saa za msongamano. Prosesa ikizidi nyuzijoto 85 muda mrefu, zima, aje mtu wa kufungua, kusafisha na kubadilisha dawa ya joto kati ya prosesa na kipozeo. Vivyo hivyo ukiona kwenye dmesg (amri inayoonyesha taarifa za mfumo wa Linux) makosa ya diski au ya RAM, au seva ikisema faili la dunia limeharibika, usiendelee kuiwasha na kuizima ukitarajia itapona. Chukua nakala ya kila kitu kwanza kwenye diski nyingine, na mtu aliyezoea kazi hiyo aikague mashine kwa mikono yake. Suala la umeme nalo ni la fundi umeme, hasa kama mashine, friji na pasi vinatumia soketi ya ukuta mmoja.

Kwa mpangilio wa wiki: leo simulation-distance na kuondoa ile plagini ya kufuta vitu, kesho plagini ya uchumi, mwisho wa wiki kikao cha wanakijiji na kurudisha dunia kuu kwenye i3. Usibadilishe mengi zaidi ya hayo kwa siku moja, na upime saa mbili usiku kila mara, dakika kumi za spark, idadi ya wachezaji ukiwa umeiandika pembeni. Vijana waliochanga waonyeshe namba hizo jinsi zinavyoshuka, na siku Xeon itakapokuwa inapika ardhi, wafungulie top kwenye skrini kubwa wauone mstari wa kila kiini ukijaa. Ripoti ya tatu au ya nne nitumie, nami nitaisoma yote hadi tawi la mwisho kama nilivyoisoma hii.